Rafu ya Watoto Maktabani: Vitabu vya Msaada au vya Kununua?

Maktaba za umma nchini Tanzania zina swali la zamani ambalo hujitokeza upya kila sehemu ya watoto inapopokea vitabu vipya: je, rafu ijazwe kwa vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, vingi vikiwa vya Kiingereza, au fedha chache zilizopo zitumike kununua vitabu vya Kiswahili vinavyochapishwa hapa hapa? Wanaotetea msaada na wanaoupinga huzungumza kana kwamba jibu liko wazi. Kwa maoni yangu kila upande una hoja ambazo upande wa pili hauzitendei haki, ingawa kwa mtoto anayeanza kusoma upande mmoja una uzito zaidi.

Chanzo cha tatizo ni cha muda mrefu. Huduma ya maktaba iliundwa kwa sheria mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Baadaye sheria ya mwaka 1975 ikaweka Bodi ya Huduma za Maktaba tuliyonayo hadi leo. Majengo na watumishi walipatikana kwa haraka kuliko vitabu vya kuwasomea watoto. Kwa miaka mingi uchapishaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa serikali, na hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980, pamoja na uhaba wa karatasi, ilifanya kitabu cha hadithi cha mtoto kuwa kitu cha mwisho kufikiriwa. Soko la vitabu vya shule lilipofunguliwa mwaka 1991, mchapishaji binafsi aliyetaka kuishi alikimbilia vitabu vya kiada, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mnunuzi wa uhakika. Pengo la vitabu vya kujisomea likabaki, na msaada ukaja kuliziba.

Ni haki kuueleza msaada huo ulivyo leo, si ulivyokuwa zamani. Shirika la Book Aid International la London, lililoanza mwaka 1954, na Books for Africa la Marekani, lililoanza mwaka 1988, yamepeleka Afrika mamilioni ya vitabu. Picha ya boksi lililojaa vitabu chakavu vilivyotolewa kwenye maktaba za Ulaya bado ipo vichwani mwa wengi, lakini Book Aid International sasa hupeleka vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji wa Uingereza, na katika baadhi ya miradi yake ya watoto hutoa pia fedha za kununua vitabu vilivyochapishwa katika nchi husika. Anayepinga msaada bila kutaja mabadiliko haya hajafanya kazi yake.

Faida za vitabu hivyo zinaonekana kwa macho. Jalada ni gumu, kurasa zimeshonwa, picha zina rangi zisizofifia, na mada ni pana: sayari, mijusi wakubwa wa kale, jinsi moyo unavyosukuma damu, jinsi daraja linavyojengwa. Mtoto wa Singida mwenye umri wa miaka kumi na moja anayependa kujua mambo ya anga hana kitabu cha Kiswahili cha kumtosheleza, na kumnyima kilichopo kwa kuwa kimetoka mbali ni kumwonea. Kuna na hoja ya lugha. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Mzazi anayesema kwamba maktaba ndiyo mahali pekee ambapo mwanawe anaweza kuzoea Kiingereza bila kulipa ada anasema jambo la kweli, na mwanazuoni hapaswi kumbeza.

Hata hivyo, anayekaa mchana mmoja kwenye sehemu ya watoto ataona mambo ambayo orodha ya vitabu vilivyopokelewa haiyaonyeshi. Mtoto wa darasa la pili huchukua kitabu kikubwa chenye picha ya mbweha kwenye theluji, hufungua kurasa zote kwa haraka, huitazama theluji, kisha hukirudisha na kuchukua kingine. Anatazama, hasomi. Akipewa kitabu chembamba cha Kiswahili chenye hadithi ya fisi au ya safari ya daladala, mara huanza kukisoma kwa sauti huku kidole kikifuata mstari, na mwenzake aliye pembeni humkosoa anapokosea. Watoto wawili wamekwishaingia ndani ya hadithi moja. Hilo la pili ndilo lililofanya maktaba ijengwe, nalo halitokei kwa kitabu ambacho mtoto hawezi kukitamka wala kukielewa.

Tatizo jingine la msaada ni namna unavyochaguliwa. Kinachokuja hutegemea kile ambacho wachapishaji wa huko wanacho cha kutoa, na mara nyingi kichwa kimoja huja kwa nakala chache mno. Mkutubi anayeandaa kipindi cha hadithi kwa watoto thelathini anahitaji nakala tano au sita za kitabu kimoja ili wakae kwa makundi na kusoma pamoja. Anajikuta na vitabu sitini vya nakala mojamoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga, na hapa umaskini wenyewe ni kutokuwa na uamuzi juu ya kile ambacho mtoto wako atasoma kwanza.

Lakini upande wa vitabu vya nyumbani nao unastahili kuambiwa ukweli, tena kwa kirefu, kwa sababu wanaoutetea hupenda kupita haraka hapa. Vitabu vingi vya watoto vya Kiswahili vina kurasa kati ya 16 na 32, vimebanwa kwa pini mbili katikati, na jalada lake ni karatasi laini. Kitabu cha namna hiyo hakina mgongo wa kuandikwa jina, hivyo kikisimamishwa kwenye rafu hakionekani kabisa. Humezwa na vile vinene vilivyo kulia na kushoto, na mtoto hajui kama kipo. Baada ya kuazimwa mara kadhaa pini hulegea, karatasi ya katikati huchomoka, na hadithi hukosa kitovu chake. Wapo wakutubi wanaovifunika kwa manila na kuvishona upya kwa uzi kabla havijapigwa muhuri, na vingine huvipanga vikiangalia mbele ili picha ya jalada imvutie mtoto. Ni kazi njema, lakini ni kazi ambayo mchapishaji angepaswa kuipunguza.

Yaliyomo nayo yana kasoro zake. Hadithi nyingi mno huishia kwenye onyo: mtoto mkaidi ameumia, mtoto mtiifu amepewa zawadi, na ukurasa wa mwisho una maswali ya mazoezi kana kwamba mwalimu amesimama nyuma ya msomaji. Sababu yake inaeleweka, maana kitabu kilichoandikwa ili kipite kwenye ithibati ya vitabu vya ziada vya shule, Tanzania au Kenya, hujifunga vazi la darasani. Mtoto anayesoma kwa hiari yake maktabani huitambua harufu ya mtihani mapema sana. Kisha kuna ufundi wa kuandikia wanaoanza kusoma. Neno moja la Kiswahili linaweza kubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo mstari mrefu wenye herufi ndogo humchosha mtoto hata kama hadithi ni nzuri. Waandishi wanaolijua hili huandika sentensi fupi, herufi kubwa, na ukurasa wenye nafasi ya kupumua. Wanaotafsiri tu vitabu vya ngazi za mwanzo vya Kiingereza hawafanikiwi, kwa kuwa urahisi uliokuwa kwenye maneno mafupi ya lugha ile haupo tena.

Pamoja na kasoro hizo, historia inaonyesha kwamba ubora hupatikana pale mnunuzi anapokuwepo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, haukuleta vitabu kutoka Canada. Uliwafundisha waandishi, wachoraji na wahariri, kisha ukanunua sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzisambaza kwenye maktaba za shule. Mchapishaji alijua kabla ya kupeleka kazi kiwandani kwamba hatapata hasara. Naona hili ndilo jambo lenye mafunzo makubwa kuliko yote katika mjadala huu, kwa sababu fedha za mfadhili zilijenga uwezo wa kuandika na kuchapa badala ya kuchukua nafasi yake. Tangu uchapishaji wa vitabu vya kiada uliporudishwa serikalini katika muongo wa 2010, wachapishaji binafsi wamepoteza soko lao kuu, na maktaba ya umma inayonunua hata nakala chache kila mwaka ina thamani kwao kuliko zamani.

Ipo pia njia ya tatu, nayo ni hadithi za leseni huria. Mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini, ulioanza mwaka 2014, una hadithi nyingi za picha kwa lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ambazo yeyote anaweza kuzipakua na kuzichapa bila kulipia haki. Kwa maktaba ndogo hii ni nafuu kubwa. Tahadhari ni kwamba tafsiri hazilingani ubora, na gharama ya kuchapa kwa rangi kwenye stesheneri inaweza kufika bei ya kitabu dukani.

Nikipima yote, nadhani rafu ya watoto isigawanywe kwa chanzo cha vitabu bali kwa umri wa msomaji. Kwa watoto hadi darasa la tatu, kila shilingi ya kununulia iende kwenye Kiswahili, kwa vichwa vichache vilivyochaguliwa vizuri na nakala nyingi, na mkutubi wa watoto awe ndiye anayechagua, si kamati ya manunuzi inayotazama bei ya chini peke yake. Kwa walio juu ya hapo, vitabu vya msaada vya sayansi na vya kujizoeza Kiingereza vipokelewe kwa mikono miwili, mradi maktaba itume orodha ya mahitaji yake na iwe na ujasiri wa kukataa kisichofaa. Mfadhili anayetaka kusaidia zaidi aombwe, kwa kila boksi analosafirisha, atenge fedha za kununua vitabu kwa wachapishaji wa hapa, jambo ambalo tumeona tayari linawezekana.

Hayo yote yanahitaji ushahidi ambao maktaba inaweza kuukusanya yenyewe bila gharama: daftari la kuazimia lionyeshe lugha ya kila kitabu na umri wa aliyekiazima, na takwimu hizo ziambatanishwe na maombi ya bajeti yanayopelekwa kwenye Bodi kila mwaka.