Kabla ya Kulaumu Lami

Farasi ni mnyama mgeni katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na mbung'o ndiye aliyemzuia kwa karne nyingi. Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 za mizigo zilifika bandari ya Lindi zikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi waliotembea siku kadhaa, kwa kuwa wanyama wa kubeba mizigo wasingestahimili njia ile. Kwa hiyo jirani yangu hapa Mikindani alipoleta farasi wawili wa kupandisha wageni, watu wengi waliingiwa na shaka juu ya maradhi. Mimi, niliyewahi kutunza farasi Arusha kwa miaka 6, niliingiwa na shaka juu ya miguu.

Haukupita muda mrefu. Jioni moja vijana wa kazi walimrudisha farasi jike kutoka Mtwara mjini, mwendo wa kama kilomita 10, wakimkimbiza juu ya lami karibu njia nzima kwa sababu jua lilikuwa linazama. Asubuhi yake nilimkuta amehamishia uzito kwenye mguu wa kushoto, kifundo cha mguu wa mbele wa kulia kimevimba na kina joto, na alipotembezwa alikuwa akinyanyua kichwa kila mguu ule ulipogusa ardhi. Mwenye farasi aliilaumu lami. Mimi nililaumu mbio, na tangu siku hiyo tumebishana kiasi kwamba nimeona niandike.

Farasi aliyesimama hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na chini ya goti miguu hiyo haina misuli. Kuna mifupa, kano na ngozi, basi. Kishindo hupunguzwa na ukwato, ambao hutanuka kidogo kila unapokanyaga, pamoja na kifundo, ambacho hushuka na kupanda kama springi. Anapotembea, wakati wote kuna zaidi ya mguu mmoja chini, na uzito hugawanyika. Anapokimbia kwa kasi, hufika nukta ambapo mguu mmoja peke yake unabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili mzima. Ardhi laini humeza sehemu ya kishindo hicho, ilhali lami hukirudisha mguuni, na kinachoumia polepole ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka kama maji katika sponji kadiri mnyama anavyotembea, na likishachakaa haliponi kama jeraha la ngozi linavyopona.

Ndiyo maana nasema kwamba ardhi ngumu si adui kwa farasi anayetembea. Mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoupokea, na Waingereza wana desturi ya zamani ya kuwatembeza farasi barabarani kwa wiki kadhaa kabla ya msimu wa kazi nzito, ili miguu ikomae. Dakika 10 za kutembea mwanzoni, kabla ya mwendo wowote wa haraka, huwa zimekwisha kuusambaza ute ndani ya viungo. Hata daktari wa mifugo anayetafuta mguu unaouma huomba farasi akimbizwe hatua chache juu ya ardhi ngumu, kwa sababu hapo maumivu hayajifichi. Hatua chache, lakini, si kilomita 10. Na kwa farasi mchanga tahadhari iwe kubwa zaidi: akiwa na miaka 2 mifupa yake bado inakua, na ile ya uti wa mgongo hukamilika karibu na mwaka wa 6, hata kama kwa macho anaonekana mtu mzima.

Jirani yangu, baada ya mkasa ule, alihamia upande wa pili kabisa, akaamuru farasi wasikanyage kitu kingine isipokuwa mchanga mkavu wa juu ya ufuko. Hilo nalo ni kosa, na huenda ni kosa baya zaidi kwa kuwa linaonekana kama huruma. Mchanga mkavu huuzamisha mguu, na kano za nyuma ya mguu hulazimika kuvuta kupita kiasi katika kila hatua. Kano ikichanika, farasi huweza kukaa miezi bila kupandwa. Panapofaa ni ule ukanda wa mchanga ulioloa na kushikamana, ambao maji yameuacha muda mfupi uliopita, mbali na mwamba wa matumbawe unaokata kwato. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kusoma maji. Siku za bamvua bahari hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na ukanda huo huwa mpana. Siku za maji mafu, yasiyopwa sana, huwa mwembamba, na safari sharti ziwe fupi.

Kuhusu kwato sitaki kusema mengi: zichongwe kila baada ya wiki 6 hadi 8, kwa maana kidole cha ukwato, yaani ncha yake ya mbele, kikirefuka, kiungo kinapinda vibaya hata farasi akiwa amesimama zizini. Viatu vya chuma huzuia kwato kuchakaa, lakini pia hupunguza kule kutanuka nilikokueleza, kwa hiyo mwenye viatu hivyo asijione amepata ruhusa ya kukimbia juu ya lami. Poda za lishe za kutunza viungo vya miguu zinazouzwa kwa bei kubwa zina ushahidi dhaifu kwa farasi, na fedha zake ningempa fundi wa kwato.

Jambo linalonikera zaidi ni uzito. Malori ya korosho husimamishwa kwenye mizani ili yasiharibu barabara, lakini sijaona mtu akimpima mgeni kabla ya kumpandisha mnyama. Kadirio linalotumiwa na wengi ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa jirani yangu wana kama kilo 400 kila mmoja, maana yake kilo 80 ndizo za mwisho, na tandiko pekee linaweza kula 10. Nilipomwambia hivyo aliguna, akahesabu wateja wake kimya kimya.

Farasi jike alipumzishwa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, mguu ukimwagiwa maji ya kisima kwa sababu bahari yetu ina uvuguvugu, kisha akaanza kutembezwa kwa mkono bila mpandaji. Sasa amerudi kazini. Wiki iliyopita nilimwona jirani akiwaambia wageni wawili waliofika saa moja asubuhi kwamba wakanywe chai kwanza, maji bado hayajatoka.