Satelaiti ya Hali ya Hewa Ipande Roketi ya Nani?

Mwishoni mwa Juni 2024 baraza la EUMETSAT, shirika la nchi za Ulaya linaloendesha satelaiti za hali ya hewa, lilipitisha uamuzi uliowaudhi wengi. Satelaiti yao mpya, MTG-S1, ilikuwa imepangiwa Ariane 6, roketi ya Ulaya yenyewe. Baraza likaiondoa huko na kuipeleka kwa Falcon 9 ya Marekani. Ariane 6 ilikuwa haijaruka hata mara moja, na safari yake ya kwanza ilikuwa imebakiza wiki mbili tu. Wafaransa, ambao roketi hiyo kwao ni kama mtoto wa kumzaa, walilichukulia jambo hilo kama kofi la usoni.

Nimelifikiria sana suala hili, na naona lina uzito kuliko ugomvi wa Waulaya na Wamarekani. Kila nchi inayotaka kuona mawingu kutoka juu lazima ijibu: chombo hiki nimkabidhi nani akipandishe?

Kwanza tuone ni mzigo gani unaobebwa. Satelaiti ya aina hii hukaa kilomita 35,786 juu ya Ikweta, ikizunguka sambamba na dunia, kwa hiyo haibanduki juu ya eneo lake usiku na mchana. Roketi haiifikishi hadi huko moja kwa moja. Kwa kawaida huiacha kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia, mrefu uliochongoka kama yai, kisha satelaiti yenyewe huwasha injini yake ndogo, mara kadhaa, hadi ifike mahali pake. Roketi ikiiacha chini mno, satelaiti hulazimika kuteketeza mafuta ambayo yangeitunza kwa miaka. Isipofika kabisa, hakuna fundi wa kuifuata.

MTG-S1 nayo si satelaiti ya kupiga picha tu. Kamera ya kawaida huonyesha wingu likishajiunda. Hii imebeba kipimo kinachosoma joto na unyevunyevu wa hewa tabaka kwa tabaka, ili mtabiri aone dhoruba ingali inajiandaa. Mpango mzima una satelaiti mbili tu za namna hiyo, na ya pili ni ya miaka mingi baadaye.

Hapo ndipo hoja ya waliochagua Falcon 9 inapopata nguvu. Roketi hiyo ilikuwa imeshapaa zaidi ya mara 300. Roketi mpya haijulikani ugonjwa wake mpaka iugue. Ulaya wenyewe wanalijua hilo: Ariane 5 ilipopaa kwa mara ya kwanza, tarehe 4 Juni 1996, ililipuka kabla ya kumaliza dakika moja, ikaangamia na satelaiti nne za sayansi, kwa sababu ya programu ya kompyuta iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Japani walirusha roketi yao mpya, H3, Machi 2023 ikiwa na satelaiti ya kuchunguza ardhi na majanga. Injini ya hatua ya pili, yaani sehemu ya juu ya roketi inayowaka ile ya chini ikishamaliza kazi, ikakataa kuwaka, ikabidi waiharibu angani.

Lakini upande wa pili hauongei upuuzi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Ulaya waliyaonja hayo mwaka 2022. Satelaiti nyingine za EUMETSAT, za kizazi kipya cha Metop, zilikuwa zimepangiwa roketi ya Soyuz ya Urusi. Vita vya Ukraine vilipoanza, Soyuz zikaondoka Kourou, kituo cha Ulaya cha kurushia roketi huko Guiana ya Ufaransa, na mipango yote ikabidi ipangwe upya. Roketi ya mwenzako inaweza kuwa nzima kabisa na bado usiipate. Tena, roketi hukomaa kwa kuruka. Kama wateja wa nyumbani ndio wa kwanza kukimbia, nani ataipa Ariane 6 safari za kujijengea jina?

Na hata hiyo iliyozoeleka si malaika. Ariane 6 ilipaa tarehe 9 Julai 2024 na kufika kwenye mzingo, ingawa mwishoni injini ya hatua ya juu haikuwaka tena kama ilivyotakiwa. Siku mbili baadaye, Falcon 9 ikavuja oksijeni kwenye hatua yake ya juu na kupoteza shehena ya satelaiti za intaneti za Starlink. Aliyetaka kuwacheka baraza siku ile alipata pa kuanzia.

Mimi mizani yangu naipima kwa kisa cha Japani, kwa sababu kina pande zote mbili ndani yake.

Novemba 1999 Japani walirusha satelaiti ya hali ya hewa, MTSAT-1, kwa roketi yao wenyewe, H-II, kutoka kisiwa chao cha Tanegashima. Dakika nne hivi baada ya kuondoka, injini ya hatua ya kwanza ilizimika, na roketi ikaharibiwa kwa amri kutoka chini. Hawakuishia kusikitika. Waliitafuta injini ile chini ya Bahari ya Pasifiki, kwenye kina cha takriban mita 3,000, wakaipata na kuiopoa. Kosa likaonekana kwa macho: ndani ya pampu ya haidrojeni, bawa moja la pangaboi dogo linalovuta kimiminika lilikuwa limechoshwa na mtikisiko mpaka likakatika. Kipande cha chuma cha kutosha kiganjani kiliizamisha satelaiti nzima.

Huku juu, satelaiti yao ya zamani, Himawari-5, iliyopaa mwaka 1995 na kukusudiwa kufanya kazi miaka mitano, iliendelea kuzeeka bila mrithi. Ilipofika Mei 2003 haikuweza tena. Marekani wakawaazima GOES-9, satelaiti yao iliyokuwa imewekwa pembeni, wakaisogeza hadi juu ya Pasifiki ya magharibi. Novemba mwaka huohuo roketi mpya ya Japani, H-IIA, nayo ikashindwa ikiwa na satelaiti za upelelezi, na safari zikasimama zaidi ya mwaka mmoja. Mrithi, MTSAT-1R, alipaa Februari 2005. Kwa takriban miaka miwili, nchi inayopigwa na tufani kila mwaka ilikuwa ikitazama anga lake kwa jicho la kuazima.

Ukisimama hapo, utasema ung'ang'anizi wa roketi ya nyumbani uliwaponza. Lakini endelea kusoma. H-IIA ilistaafu Juni 2025 ikiwa imeruka mara 50 na kushindwa mara moja tu, ile ya 2003. Ndiyo iliyopandisha Himawari-8 na Himawari-9. Wajapani walilipa gharama kubwa, na walichokilipia walikipata.

Kwa hiyo siafikiani na wanaosema baraza la EUMETSAT liliisaliti Ulaya. Satelaiti ya kwanza ya aina yake, isiyo na pacha karibu, si mzigo wa kufundishia roketi. Roketi changa ipewe mizigo ambayo ikipotea kuna mwingine wa kuziba pengo. MTG-S1 ilipaa salama tarehe 1 Julai 2025 kutoka Florida. Wiki sita baadaye, Metop ya kwanza ya kizazi kipya ikapanda Ariane 6, katika safari yake ya tatu tu, nayo ikafika salama. Wapinzani walisema huo ni ushahidi kwamba woga ule haukuwa na msingi. Siukubali, kwa kuwa aliyekaa barazani Juni 2024 hakuwa na habari za Agosti 2025, na safari moja iliyofaulu haitoi hukumu juu ya roketi.

Lawama yangu naielekeza kwingine: kwa nini mtu ajikute na satelaiti moja tu ya kutegemea? Marekani walipoteza GOES-G, satelaiti yao ya hali ya hewa, mwaka 1986 pale roketi ya Delta ilipozima injini dakika moja na ushee baada ya kuruka. GOES-6, iliyokuwa tayari angani, ilipoharibika mwaka 1989, ikabaki GOES-7 peke yake, ikisogezwa mashariki msimu wa vimbunga na kurudishwa magharibi majira ya baridi, mpaka Ulaya wakawaazima satelaiti yao, Meteosat-3. Roketi ile ilikuwa ya Marekani wenyewe, tena iliyozoeleka. Walichokosa ni satelaiti ya akiba, na hiyo hununuliwa miaka kumi kabla ya kuhitajika, wakati ambapo hakuna mwanasiasa anayeona haraka ya kulipa.