Mangi Amekataa Kuniuzia Soda

Daktari wa kliniki ya kisukari alinipa agizo fupi: tembea. Alisema Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki kwa mtu mzima, na kwamba mwenye kisukari hana msamaha, kwa sababu misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na huendelea kuivuta kwa saa kadhaa hata baada ya mtu kukaa. Mimi ni fundi cherehani, kukaa ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo sikubisha. Jambo ambalo daktari hakulitaja, pengine kwa kuwa yeye ana gari, ni kwamba kutembea kwa miguu katika jiji la Mwanza kunahitaji ridhaa ya wananchi wote.

Nyumba yangu iko juu ya mawe ya Mabatini na cherehani yangu iko Makoroboi. Asubuhi ninaposhuka, vijana wa bodaboda hunifuata taratibu wakiniambia, "Mzee, panda tu, utalipa kesho," kwa sauti ya huruma inayosikika hadi nyumba ya tatu. Mtaa umekwisha kuamua kwamba nimekopa kausha damu na kwamba cherehani imechukuliwa. Siku za Jumamosi ninapokwenda Mwaloni kununua dagaa, wananicheka kwa kuvaa viatu vya kufunika na soksi katikati ya watu wenye ndala, ilhali kisukari huweza kuua hisia za miguu, mtu akakanyaga mwiba asijue mpaka kidonda kimeoza. Kila ninapokung'uta viatu kabla ya kuvaa, wajukuu hunizunguka wakisubiri nge atoke.

Hayo yote nayavumilia. Nisiloweza kulivumilia ni la Mangi.

Miongoni mwa dawa zangu kuna glibenklamidi, ambayo hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu. Ukichelewa kula na huku unatembea, sukari hushuka. Jioni moja mteja wa suti alinichelewesha, nikaanza safari ya kurudi bila kula, na nilipofika karibu na Mlango Mmoja jasho la baridi lilikuwa limelowesha shati na mikono ilikuwa inatetemeka. Niliingiza mkono mfukoni kutafuta pipi ambazo mgonjwa hatakiwi kuachana nazo. Nilikuta makaratasi yake tu, yamekunjwa vizuri na wajukuu. Nikajikongoja hadi dukani kwa Mangi, nikaomba soda ya kawaida, yenye sukari.

"Hapana, Mzee," akasema, akafunga friji. "Mimi siwezi kukuua. Kunywa maji."

Huyu ndiye Mangi yuleyule ambaye kwenye kila msiba na kila ubarikio hunisukumia soda akisema moja haina neno. Nilitoa kipimo kwenye mfuko wa vitambaa, nikajichoma kidole mbele ya wateja, kikasoma 3.4, nikamwonyesha na kumweleza kwamba chini ya 4 ni hatari. Aliitazama namba ile kwa furaha ya kweli kabisa. "Hongera sana, Mzee! Mwezi uliopita si uliniambia 14?"

Baraza likakaa papo hapo. Mmoja alishauri mlonge, mwingine maji ya bamia yaliyolala usiku kucha, kana kwamba mimi nilikuwa na usiku wa kungojea. Mama mmoja mwenye beseni la michembe alisema kwa masikitiko kwamba huyu baba hana kisukari, ameonja kitu. Aliyeniokoa ni mama ntilie wa upande wa pili wa barabara, na aliniokoa kwa sababu hanifahamu: nilimwomba chai yenye vijiko vinne vya sukari, akaweka vinne, akadai pesa yake. Baada ya dakika 15 nilipima tena, ikawa 5.1, nikala chapati na maharage kama binadamu.

Nilipofika nyumbani Mama Kulwa alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, akiwa na taarifa kamili kwamba nimelewa, nimeomba soda, na nimekunywa chai ya sukari kwa siri. Shemeji yangu wa Sengerema, ambaye kati yetu kuna maji ya ziwa, alipiga kabla sijavua viatu.

Mangi alisema ataniuzia soda nikileta barua ya daktari yenye muhuri. Muuguzi wa kliniki alicheka sana, lakini aliiandika kwa mwandiko mzuri na daktari akaigonga muhuri: mwenye barua hii, akitokwa na jasho na kutetemeka, apewe nusu chupa ya soda yenye sukari bila kuchelewa. Mangi ameibandika ukutani, chini ya lile tangazo lake la mkopo kesho, na kila mteja sasa huisoma kwa sauti anaposubiri chenji. Juzi kijana wa bodaboda alinisimamisha, akanisalimia shikamoo kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwake, akaniuliza barua ya kupewa soda bila kulipa inaombwa ofisi gani.