Gari jipya, na fundi asiyeona tatizo

Gari lina wiki tatu tangu litoke kwa muuzaji. Asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, linashtuka kila likiingia gia ya pili, na mara mbili limezima barabarani. Ukilifikisha gereji limeshapata moto, limetulia kama maji ya mtungi. Fundi anachomeka mashine ya kupimia, anazunguka nalo dakika kumi, kisha anaandika kwenye karatasi ya kazi: "Limejaribiwa, halina tatizo." Unatia saini, unaondoka. Kesho yake asubuhi linashtuka tena.

Mnunuzi wa namna hii akidai arudishiwe fedha zake, wengi humwona msumbufu. Muuzaji naye ana hoja. Gari lina vipande takriban 30,000 ukihesabu hadi skrubu. Kama kila kishikizo kilicholegea kingetosha kulirudisha, biashara hiyo ingekufa. Gari lililorudishwa halirudi kuwa jipya, na hasara lazima mtu aibebe. Wapo pia wanunuzi ambao ugonjwa wao ni majuto, na wapo waliompa fundi wa pembeni afunge king'ora akakata waya usiohusika. Hata ule mkwaruzo wa breki asubuhi baada ya mvua ni kutu tu kwenye diski; ukikanyaga mara mbili tatu unaisha.

Hayo nayakubali. Kinachonikera ni maneno ya ile karatasi. Kutoliona tatizo si sawa na tatizo kutokuwepo, na hitilafu zinazosumbua kuliko zote ni zile za kuja na kuondoka: plagi ya waya isiyobana sawasawa, kitambuzi kinachokosea kikiwa cha baridi tu. Mashine husoma kile ambacho kompyuta ya gari imehifadhi, kisichohifadhiwa hakionekani. Tena kazi za waranti mara nyingi hulipwa kwa muda uliopangwa na kiwanda. Kubadili pampu kuna muda wake. Kulilaza gari usiku kucha ili alfajiri ulisikie likishtuka, nani atalipia? Simlaumu fundi, naye kapangiwa.

Kisa cha General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, hunirudia kila ninaposikia "halina tatizo". Wenye gari lake aina ya Chevrolet Cobalt walilalamika kwamba gari linazima likiwa kwenye mwendo. Swichi ya kuwashia ilikuwa laini mno: uzito wa funguo, au goti likiigusa, ulitosha kuizungusha. Desemba 2005 kampuni iliwatumia wauzaji waraka: wawaambie wateja wapunguze vitu kwenye kishikio cha funguo. Yaani dawa ya gari linalozima barabarani ilikuwa kuondoa ufunguo wa kabati! Baadaye kampuni iliibadilisha swichi yenyewe bila kubadilisha namba ya kipuri, na waliokuja kuchunguza wakahangaika kuelewa kwa nini magari ya karibuni hayana shida ile. Magari yalianza kuitwa yarudi kutengenezwa Februari 2014, na hatimaye yakafika takriban milioni 2.6. Swichi ikijizungusha hivyo, injini huzima na mifuko ya hewa nayo haifunguki kwenye ajali. Mfuko wa fidia wa kampuni ulikubali madai ya vifo 124. Miaka yote hiyo, walioonekana wasumbufu ndio waliokuwa wakisema kweli.

Kwa hiyo swali la msingi ni nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Uingereza, kwa sheria ya 2015, mnunuzi ana siku 30 za kulikataa gari, ingawa ndani ya siku hizo ni yeye anayetakiwa kuonyesha kasoro. Zikipita, muuzaji hupewa nafasi moja ya kulitengeneza, na kasoro inayojitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Umoja wa Ulaya umeupeleka muda huo hadi mwaka mmoja. Na kilio cha hasara kimesikika: Uingereza, mnunuzi anayelirudisha gari baada ya kutengenezwa bila kupona anaweza kukatwa thamani ya matumizi yake. Sioni uonevu hapo.

Jimbo la Connecticut, Marekani, lilikuwa la kwanza nchini humo, mwaka 1982, kuweka hesabu kabisa: kasoro ileile ikishughulikiwa mara nne bila kupona, au gari likikaa gereji siku 30 kwa jumla, mnunuzi anaweza kudai jingine au fedha zake.

Lakini mara nne hizo huhesabiwa kwa karatasi, na iliyoandikwa "halina tatizo" muuzaji atadai halikuwa jaribio la kutengeneza. Ndiyo maana usitie saini mpaka maneno yako yaandikwe: limezima mara mbili, injini ya baridi, kilomita 812, limeingia lini na limetoka lini. Omba lilale hapo, liwashwe alfajiri. Wakigoma kuandika, mtumie muuzaji maelezo yaleyale kwa barua pepe, pamoja na video, kabla hujatoka getini.