Chai bila sukari, na kijiji kilichogeuka mahame

Kwenye faili la kila mzee ninayemhudumia kuna ukurasa mmoja wa historia ya maisha yake. Wa bibi mmoja ulikuwa na mistari mitatu. Alizaliwa 1938. Anapenda maua. Chai bila sukari. Nilimwandalia chai hiyo miezi minne bila kujiuliza lolote, maana kwetu Mpwapwa mtu mzima akikataa sukari tunajua ni kisukari.

Huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi ya kutunza wazee, kwenye mji mdogo wa Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Majina ya wazee siandiki, na ya ndani ya familia zao nayaacha huko huko ndani. Utoto wao wamenipa ruhusa kuusimulia. Na nina neno la kusema juu yake, kwa sababu naona kitu kikubwa kinapita mikononi mwetu na hakuna anayekihesabu. Utoto wa Uingereza ya zamani siku hizi unasimuliwa saa kumi na mbili asubuhi, mtu akivalishwa soksi, na anayesimuliwa ni mtu aliyezaliwa Dodoma, au Manila, au Kerala. Mimi nasema kumsikiliza mzee ni kazi, kama kumwosha na kumlisha. Itengewe muda wake na ilipwe.

Nilipokuwa mdogo, Uingereza niliyoijua ilikuwa ya kwenye kopo la biskuti: nyumba za mawe, maua mlangoni, daraja dogo juu ya kijito. Bibi huyu alizaliwa kijijini, lakini si kijiji cha kwenye kopo. Alikulia kwenye nchi tambarare wanayoiita Fens, ardhi iliyokuwa kinamasi ikakaushwa kwa mifereji, udongo wake mweusi kama masizi. Baba yake alikuwa kibarua wa mashamba. Choo kilikuwa nje, mwisho wa bustani. Jumamosi usiku karai kubwa la bati liliwekwa mbele ya moto, familia nzima ikaoga kwa zamu kwenye maji yale yale, na yeye aliyekuwa wa tatu aliingia yakiwa rangi ya chai ya rangi. Oktoba watoto walikwenda kuokota viazi nyuma ya trekta. Aliponieleza baridi ya viazi vile alikunja vidole, nami nilikuwa nakata kucha zake, ikabidi nisubiri avikunjue.

Nilidhani mgao wa chakula kwao ulikuwa wa wakati wa vita tu. Kumbe mkate, ambao vita vyote haukuwa na mgao, uliwekewa mgao Julai 1946, mwaka mzima baada ya ushindi, ukaja kuachiwa Julai 1948. Katikati ya hapo ukaja msimu wa baridi wa 1947, theluji wiki kwa wiki, makaa ya mawe hayapatikani, na theluji ilipoyeyuka mwezi Machi mito ikavunja kingo na Fens ikajaa maji. Alikuwa na miaka minane. Anakumbuka mama yake akikata mkate kwa kuupima na kidole gumba.

Hapo nilikaa kitako. Nikamwambia habari za kwetu mwanzoni mwa miaka ya themanini, sukari na sabuni kwa mgao, ugali wa yanga, yale mahindi ya njano, mama akiweka jiwe kwenye foleni ya duka la ushirika ili lishike nafasi yake wakati anakwenda kuninyonyeshea mdogo wangu. Akauliza, jiwe halikuibiwa? Nikamwambia jiwe la mtu liliheshimiwa. Akafikiri kidogo, kisha akaniambia siri ya chai yake. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, mgonjwa mgonjwa tangu kuzaliwa. Sukari ya mgao ilikuwa kidogo, basi yeye na dada yake wakaacha kuweka kwenye chai ili mtoto apate. Mdogo wake alikua, akaoa, akafa mzee. Yeye sukari hakuirudia tena.

Kwenye faili bado pameandikwa vile vile. Chai bila sukari.

Siku nyingine nilikuwa namkausha mgongo akaniuliza kwetu hasa ni wapi. Tanzania, nikasema. Akanyamaza. "Tanganyika," akasema. Kisha, baada ya kitambo, kwa lafudhi nzito ya kwao: "Kongwa." Taulo lilisimama mkononi mwangu. Kongwa na Mpwapwa ni majirani. Bibi yangu mzaa baba aliolewa Kongwa.

Mjomba wake alikwenda huko mwaka 1948 kuendesha trekta kwenye mradi wa karanga. Msomaji wa Tanzania anaujua mradi ule angalau kwa jina. Serikali ya Uingereza iliuanza 1947 ili kupata mafuta ya kula, kwa sababu watu wake walikuwa kwenye mgao wa siagi na majarini. Wakafyeka pori la Kongwa, wakaenda Urambo na Nachingwea, wakaleta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukikauka ni saruji. Mvua hazikufuata ratiba ya London. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni zaidi ya milioni 30 zimepotea.

Ninavyojua mimi, habari hii husimuliwa kama mfano wa mipango mibovu, na ni kweli. Sikuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wake kulikuwa na mtoto mezani, akisubiri majarini. Mjomba alimwandikia barua zenye stempu za kichwa cha mfalme na jahazi, naye akazibandua kwa mvuke wa birika akazibandika kwenye daftari. Miaka hiyo hiyo bibi yangu alisimama kando ya pori akitazama mashine zikihangaika na mbuyu mmoja kutwa nzima. Aliusimulia mbuyu ule mpaka anaingia kaburini. Nilimhadithia mzee wangu huyu naye akacheka, akasema mjomba aliandika juu ya miti minene. Sijui kama ulikuwa ule ule. Nilipenda kuamini hivyo.

Mengine nayapitia haraka. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 bahari ilivunja kingo pwani yote ya mashariki, watu 307 wakafa Uingereza peke yake. Siku tano baadaye, Februari 5, pipi zikatolewa kwenye mgao. Kwake mambo hayo mawili ni wiki moja isiyogawanyika. Hakuweza kula pipi ile bila kuwafikiria waliozama, na aliyatamka maneno haya kana kwamba ni ya jana.

Sasa kuna jambo linaloniudhi. Jamaa wanaokuja kutembelea, wengi wa umri wangu, hupenda kusema juu ya wazee wao: walikuwa maskini lakini wenye furaha. Wenyewe sijawasikia wakisema hivyo. Wanasema njaa, wanasema fimbo ya mwalimu, wanasema mtoto wa jirani aliyepelekwa hospitali ya kifua kikuu asirudi. Na furaha wanazitaja, lakini moja moja: gololi, kuruka kamba, mdako wa mawe matano unaochezwa karibu sawasawa na wetu, chupa ndogo ya maziwa ya shuleni iliyoganda mpaka kifuniko kikanyanyuka. Ukiyafunga yote kwenye kifurushi kimoja cha furaha, unamnyang'anya mtu utoto wake halisi.

Babu mmoja alitoka kaskazini, kwenye kijiji cha mgodi wa makaa ya mawe katika jimbo la Durham. Alizaliwa 1944. Mwaka 1955 alifanya ule mtihani wa miaka kumi na moja uliogawa watoto wa Uingereza: wachache waende shule ya wasomi, wengine wote waende shule ya kuandaliwa kazi za mikono. Barua ilikuja asubuhi, baba yake akaisoma amesimama, akaikunja, akaiweka nyuma ya saa ya ukutani. Hakuna aliyesema neno. Rafiki yake wa nyumba ya pili alipata, akanunuliwa baiskeli. Mzee wa miaka themanini, aliyefanya kazi ya ufundi wa heshima maisha yake yote, akaniambia: nilikuwa mjinga toka siku ile.

Nilimshika mkono. Mimi nimemaliza darasa la saba Mpwapwa. Nilisimama mstarini yakisomwa majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza, shule nzima wasichana wawili, na sikuwa mmoja wao. Nilimwambia. Hatukuongea zaidi siku ile.

Kijiji chake hakipo. Mwaka 1951 baraza la jimbo la Durham liliviweka vijiji vyake katika makundi manne, na vijiji 114 vikaangukia kundi la mwisho, D. Havitajengwa nyumba mpya, havitawekewa huduma mpya. Mgodi ukifungwa watu wahamie miji mipya kama Peterlee, na nyumba zikichakaa zibomolewe. Vingi viligoma kufa na vipo hadi leo. Cha kwao kilibomolewa. Nilitafuta neno la Kiingereza la kumwambia nilichokuwa nafikiria, nikakosa, nikalitamka letu: mahame. Familia yangu ilihamishwa wakati wa kuunda vijiji vya ujamaa, na bibi alikuwa akitupeleka kwenye mahame kutuonyesha majivu ya jiko lake na mti uliozikiwa vitovu vya watoto. Babu akalirudia neno hadi likamkaa: mahame.

Kabla ya hapa nilifanya kazi ya kuzunguka majumbani, kwa kampuni ambayo siitaji. Tulipewa dakika kumi na tano kwa mzee. Umwamshe, umsafishe, umpe dawa, umwandalie mkate, uandike. Mara ngapi mtu amefungua kinywa, "Nilipokuwa mtoto...", nami nimeshashika kitasa cha mlango! Wengine wale dakika zangu ndizo pekee walizopata kwa siku nzima. Nilitoka nikiwa na aibu, na aibu ile haikuwa yangu kuibeba peke yangu. Fomu inauliza amekunywa mililita ngapi. Iulize pia amesema nini leo. Akili ya mzee ikianza kuchakaa, mara nyingi ya jana hutangulia kuondoka na ya utotoni hubaki nyuma. Kwa hiyo anayemhudumia mwishoni ndiye anayekabidhiwa yale ya mwanzo. Tunakabidhiwa bila muda wa kupokea.

Wenzangu mlio katika kazi hii, nunueni daftari. Muombeni ruhusa mzee, mwandike.

Babu alinichorea kijiji chake nyuma ya karatasi ya orodha ya chakula cha mchana. Ilimchukua Jumapili tatu, mkono ukitetemeka. Safu tatu za nyumba zimepangana, bomba la maji mwanzoni, kanisa, njia ya mgodi. Kila nyumba akaitaja jina la familia, nami nikaandika kwa herufi kubwa, yeye akisahihisha. Alipofariki, binti yake alikuja kuchukua vitu vyake, nikampa karatasi ile. Aliishika muda mrefu amesimama. Alijua baba yake alitoka Durham, basi.

Akaniuliza, yao ilikuwa ipi?

Safu ya pili, nikamwambia, ya nne kutoka bombani. Nikamwonyesha kwa kidole.