Acheni kutupima Ukenya wetu

Kila uchaguzi ukikaribia lazima utasikia mtu anauliza ati hawa watu wa Pwani ni Wakenya kweli ama wana lao jambo, na mie mzaliwa wa Mombasa swali hilo laniuma sana manake wengi wanaouliza historia yetu hawaijui wala hawataki kuijua.

Huu ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza aliukodi tu tangu 1895, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea pale Fort Jesus hadi 1963. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakakubaliana kule London, Sultani akaachia, Kenya ikaahidi mahakama za kadhi zitabaki na hatimiliki za ardhi zitaheshimiwa. Za kadhi zipo. Lakini hiyo ya hatimiliki iliwafaa wenye makaratasi, wengi hata hawaishi hapa, na wale wanaolima na kuzika wazee wao kwenye hiyo ardhi wakabaki maskwota mpaka leo. Sasa kijana akiuliza ule mkataba ulimpa nini, huo ndio uhaini? MRC (Mombasa Republican Council), kundi lililotaka Pwani ijitenge, na ile Pwani si Kenya yao walipigwa marufuku 2010, Mahakama Kuu hapahapa Mombasa ikaiondoa 2012. Kujitenga mie sikutaki hata kidogo, ila kuuliza si kujitenga jamani.

Halafu njoo kwenye vitambulisho. Kwa miaka mingi kijana wa Old Town hapa Mombasa alikuwa na cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya babake na mamake, na barua ya chifu, na bado akikalishwa mbele ya wazee aulizwe babu yake alizikwa wapi, na mwenzake waliyesoma naye darasa moja ashachukua chake zamani kwa sababu tu ya jina. Ulimfanyia hivyo mtoto wa miaka 18 halafu unamdai uzalendo?

Na Wamakonde je? Walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi za mashamba tangu enzi za ukoloni, wakazaa, wakajukuu, na 2016 ikabidi wafunge safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi ndio watambuliwe. Wapemba nao, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, wakangoja mpaka 2023. Mtu anatembea juani siku kadhaa kuomba aitwe Mkenya, wewe umekaa kwako na kitambulisho hujawahi kukitolea jasho, waniambia sisi hatuipendi hii nchi?