Hata Chupa ya Chai Ina Gauni

Kwangu hapa Walukuba, Jinja, kila kitu kimevaa. Kochi limevaa. Redio imevaa. Televisheni ina shela, ukitaka taarifa ya habari unaifunua kwa adabu, ukimaliza unaifunika tena. Friji ina joho lenye mifuko pembeni. Chupa ya chai ina gauni la marinda. Stuli zimevaa, ndoo ya maji ya kunywa imevaa, juzi nimekuta hata kibao cha mbuzi kule jikoni kimefumiwa kofia. Mimi ndiye baba mwenye nyumba, na suruali yangu ina kiraka. Kiraka chenyewe nimekishona mwenyewe, kwa uzi mweusi kwenye suruali ya kaki, kwa sababu uzi wa kaki niliambiwa una kazi yake.

Wiki iliyopita nimetoka kwenda kununua sabuni. Kufika steji, vijana wa boda wanaangua kicheko. Mmoja ananiuliza, "Mzee, bi harusi umemwacha wapi?" Nageuka, sioni kitu. Nageuka tena, wanazidi. Kumbe kitambaa cha kochi kimenasa kwenye mkanda wa suruali na kinanipepea nyuma tangu nyumbani. Mbele ya msikiti kimepita, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, kimepita, na mwenyekiti alinisalimia vizuri tu, mtu yule hana huruma. Narudi nyumbani nimevimba. Mama watoto akakichomoa kile kitambaa, akakigeuza huku na huku kuona kama kuna kitanzi kilichokatika, akashusha pumzi: "Afadhali, hakijaumia."

Sisemi hana mkono. Anao. Kuna mtindo wa nanasi anaufuma mpaka majirani wanakuja kuuazima wauige. Anaanza na kaduara kadogo katikati, anazunguka, anazunguka, vitanzi vinaongezeka, nanasi zinatokea zenyewe, halafu pembeni anamalizia na marinda. Kisha anachemsha wanga wa muhogo, anachovya kitambaa, anakifunika juu ya bakuli lililopinduliwa na kuvuta rinda moja moja lisimame. Kikikauka kimekuwa kigumu, unaweza kukibishia hodi.

Tabu ni siku unga wa muhogo umeisha, maana hapo anachemsha sukari. Sukari! Tunaishi pua na mdomo na kiwanda cha sukari cha Kakira, malori ya miwa yanatupita kila siku, na chai yangu naimeza chungu kwa sababu sukari imekwenda kumsimamisha mtu marinda. Halafu sisimizi wakasikia. Walipanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye shela ya televisheni, na mimi natazama mpira. Mchezaji wa ishirini na tatu akakatiza kwenye goli, ana miguu sita.

Kisha kuna wanyama. Mbwa anaitwa Waziri. Ulinzi ameshika kwa jina tu: usiku akisikia kishindo anaingia chini ya kitanda, anayetoka na panga ni mimi. Lakini mvua za Aprili zilipoanza, nani alifumiwa fulana? Waziri. Ya mistari, yenye kola. Nikauliza yangu je? Nikajibiwa kwamba mimi ni mtu mzima, na Waziri kifua chake si kizuri.

Na si kwamba sikuwa na sweta. Nilikuwa nayo, ya kijani, niliinunua Eldoret enzi naendesha lori la Mombasa. Ukipita Timboroa usiku bila sweta utaendesha kwa meno. Ile sweta imevuka mpaka wa Malaba mara nyingi kuliko wafanyabiashara wengine. Sasa siioni. Nimeuliza, nikaambiwa, "Tafuta vizuri." Mwanamume akishaambiwa atafute vizuri ndani ya nyumba yake mwenyewe, kesi imefungwa hiyo.

Paka anaitwa Afande. Jina nilimpa mimi, kwa ule mwendo wake. Asubuhi moja tunamkuta anatoa mate, anajilazimisha kutapika, na ncha ya uzi wa zambarau inaning'inia mdomoni. Mkono wangu ulishakwenda kuvuta. Binti yangu akapiga yowe, ana simu sikioni, anaongea na dokta wa mifugo: msivute! Dokta anasema mara nyingi uzi unakuwa umejizungusha chini ya ulimi au umekwama tumboni, na sehemu nyingine imeshateremka. Ukivuta, utumbo unajikunja juu ya uzi, na uzi unaukata. Unamuua mnyama huku unamhurumia. Aletwe haraka.

Mama watoto machozi yanamtoka. Nikamshika bega, nikamwambia Afande atapona. Akaitika, "Ndiyo, lakini zambarau ile sokoni haipo tena."

Afande akasafirishwa ndani ya kikapu cha mfuniko, kile cha nyuzi za mgomba, ambacho mimi siku moja niliwekea mahindi ikawa vita. Kijana wa boda akatoza nauli ya abiria wawili. Nikamwambia huyu ni paka. Akasema, "Mzee, nimesikia ukimwita Afande. Mimi maafande siwabebi bure wala siwabebi nusu." Kule kwa dokta, msaidizi ana kitabu chake, anauliza jina la mgonjwa. Nikataja. Alishanyanyuka nusu kwenye kiti kabla hajamwona mwenyewe.

Tulikuwa na bahati, uzi ulikuwa mfupi na ulikuwa umenasa chini ya ulimi. Dokta akamchoma sindano ya usingizi, akaukata, akautoa wote. Kisha akampapasa tumbo, akatulia, akampapasa tena. "Mzee," akasema, "Afande wenu ana mimba." Nikalipa hela ya uzi, nikalipa na hela ya habari.

Watoto wamezaliwa juu ya kanzu yangu. Kanzu ya kwanjula, ile sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe, nyeupe, ile yenye nakshi nyekundu inayoshuka kifuani, niliyoikunja nikaiweka juu ya sanduku kwa heshima zote. Jumamosi ile nilikuwa na kwanjula Iganga. Nikaazima kanzu kwa jirani ambaye Mungu amempa kila kitu isipokuwa urefu. Nimekaa upande wa wazee na miguu iko nje, msemaji wetu ananitazama magoti badala ya kutazama wakwe. Na kule nyumbani mama watoto anasimulia kila anayepita kwamba Afande ana jicho, amekataa magunia yote, amechagua kitambaa kizuri.

Nyuma ya nyumba kuna mutuba, mti ambao gome lake hugongwa likawa kitambaa. Nilikuwa nimepanga kuukata nipate kuni, na migomba yangu ipate jua. Mama watoto akasema mti usiguswe, akaenda kumwita fundi, mzee wa upande wa shemeji zangu. Mzee akauchuna gome kuanzia chini mpaka yanapoanzia matawi, likatoka lote kipande kimoja. Moyoni nikafurahi, nikajua sasa utakauka wenyewe bila lawama. Aa! Yule mzee akakata majani ya mgomba, ya mgomba wangu, akauzungushia mti shina zima, akakaza kwa kamba mpaka juu. Mti umevishwa! Eti ni wa kuugua siku kadhaa, gome jipya liote, mwaka kesho achune tena. Mimi nikijikata na jembe naambiwa nipake majivu niendelee kulima.

Halafu ikaja kazi ya kugonga. Gome linatandazwa juu ya gogo, linapigwa na nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza nyundo ya mifereji mikubwa, kisha za mifereji midogo, na jinsi linavyopigwa ndivyo linavyotanuka. Kipande kilichokuwa kama mlango kinakuwa shuka la kitanda. Ukikianika juani kinapata ile rangi ya udongo mwekundu, na kwa kweli ni kizuri, hapo nimeshindwa kulalamika. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hii ya gome la Uganda kuwa urithi wa binadamu. Sina ubishi. Ila saa kumi na mbili asubuhi nyundo ikianza, binadamu anayeamshwa ni mmoja.

Kwa gome hilo mama watoto anashona mikoba, anaizungushia ukingo wa ukindu, na wageni wanaokuja kutazama Chanzo cha Nile wanainunua. Hela nimewahi kuziulizia. Zimenunua uzi.

Kuku siwasemi. Mtu aliyepanda sukuma wiki na kuku wakiwa huru ananielewa bila maelezo.

Lakini shambani nimepata rafiki. Ni ndege, mnana, yule wa manjano mwenye uso mweusi. Mwanzoni tulikuwa maadui, maana wanachana majani ya migomba yangu vipande vyembamba virefu wakasukie viota, mgomba unabaki mbavu tupu. Nikawa natoka na manati. Siku moja nikakaa chini ya mti nikamtazama vizuri, mkono ukaishiwa nguvu. Anayesuka pale ni dume. Anafunga fundo la kwanza kwenye kitawi, anasuka duara, anajenga chumba, anaweka mlango kwa chini. Kisha ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapiga mabawa, anapiga kelele, anaita jike aje kukagua. Jike anakuja, anaingia, anavuta jani hili, anavuta lile, anatoka. Anakwenda zake, hajasema neno. Dume anabaki amening'inia palepale. Kiota kikipoteza ukijani kabla hajapata wa kukikubali, anakibomoa kwa mdomo wake mwenyewe na kuanza upya.

Siku hizi jioni naenda kukaa naye. Jana nikamwambia, "Ndugu yangu, fungua mlango zaidi kidogo, pengine ndicho anachotaka."

"Mzee, unaongea na nani huko?" Sauti ya ndani. "Njoo unishikie sufu."

Kushika sufu ni hivi: unakaa kwenye stuli, unanyoosha mikono yote miwili mbele, unavishwa shada la uzi, na mwenzako anavuta ncha akizungusha donge. Huruhusiwi kushusha. Huruhusiwi kukohoa. Afande amekaa mbele yangu na wanawe, wote macho kwenye uzi. Mbu amenitua kwenye paji la uso, ananiangalia, anajua hali yangu. Nikageuza macho nimkwepe, ndipo nikauona uzi wenyewe. Umejikunjakunja, ule mkunjo wa uzi uliokwisha kufumwa ukafumuliwa. Ni wa kijani.

"Mama watoto," nikasema, "hii sufu umeitoa wapi?"

"Nyoosha mikono, Mzee. Unalegeza."